Kila ofisi ya kijiji iwe na masjala: barua ya wazi kwa Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za Wilaya

Ndugu Wakurugenzi,

Ninawaandikia nikiwa mtunza kumbukumbu mstaafu, niliyetumikia masjala, yaani ofisi za kutunzia majalada na barua, za serikali za mitaa nchini Tanzania, kwanza nikiwa karani wa kupokea barua na baadaye nikiwa msimamizi wa masjala ya halmashauri. Ombi langu ni moja. Kila ofisi ya kijiji iliyo chini yenu iwe na masjala ya karatasi iliyopangwa, yenye majalada yaliyopewa namba, rejesta zinazojazwa kila siku, kabati linalofungwa kwa ufunguo, na utaratibu wa makabidhiano ambao Mtendaji wa Kijiji hawezi kuukwepa anapohamishwa. Siombi majengo mapya wala kompyuta. Ninaomba jambo ambalo halmashauri yoyote inaweza kulianza ndani ya mwaka mmoja wa fedha kwa vitu vinavyopatikana katika duka lolote la vifaa vya ofisi mjini.

Makao makuu ya halmashauri zenu yana masjala. Ipo masjala ya wazi, ipo masjala ya siri, ipo masjala ya ardhi ya wilaya. Wapo watunza kumbukumbu waliosomea kazi yao, wengine katika Chuo cha Utumishi wa Umma, Tabora. Kipo kitabu cha dispachi, cha kuandikia barua zinazopelekwa nje ya ofisi, upo mhuri wa kupokelea, na jalada halitoki bila kuandikwa limekwenda kwa nani. Mambo hayajakamilika kila mahali, lakini anayetafuta barua ana pa kuanzia. Ukishuka hadi vijijini, ambavyo kwa nchi nzima ni zaidi ya 12,000, utaratibu huo hukatika. Karatasi za kijiji hukaa kwenye droo ya meza, kwenye mfuko wa sandarusi nyuma ya mlango, nyumbani kwa Mtendaji, nyumbani kwa Mwenyekiti, na nyingine kwenye begi la mjumbe aliyeandika muhtasari siku ambayo Mtendaji aliitwa wilayani. Siwalaumu Watendaji kwa hali hiyo. Mtu anaajiriwa, anakabidhiwa mhuri na ufunguo, anaambiwa akusanye ushuru, asimamie ulinzi, aandike barua za utambulisho, ahimize chanjo na ujenzi wa madarasa, na hakuna siku aliyoketishwa akaonyeshwa namna jalada linavyofunguliwa na kufungwa.

Tuziangalie karatasi zenyewe, kwa maana huenda kwa mtu aliye mbali zikaonekana ni vikaratasi tu. Kuna mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji na ya halmashauri ya kijiji. Kuna hati za mauziano ya mashamba na viwanja zilizosainiwa mbele ya viongozi, nakala za hati za hakimiliki za kimila, ramani na mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo, daftari la wakazi, vitabu vya stakabadhi, hati za malipo, taarifa za mapato na matumizi. Kuna orodha za kaya zilizoandikishwa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na za wakulima wa mbolea ya ruzuku. Kuna mihtasari ya vikao vya ukoo ambayo wafiwa huigongesha mhuri kwa Mtendaji kabla ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na kuna maandishi ya maridhiano baina ya mfugaji na mkulima ambaye mahindi yake yaliliwa. Kwa mwananchi wa kijijini, hakuna ofisi nyingine ya serikali iliyoandika habari za maisha yake kwa wingi kiasi hicho.

Katika hizo zote, za ardhi ndizo zinazonifanya niandike barua hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, iliweka mzigo mkubwa wa kumbukumbu juu ya kijiji. Inaitaka halmashauri ya kijiji ianzishe na kutunza rejesta ya ardhi ya kijiji, na inamfanya Mtendaji wa Kijiji kuwa mwenye wajibu wa kuitunza. Inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji iliyotolewa kwanza. Hii ina maana kwamba mwananchi akigawiwa ekari tano leo, uhalali wa ugawaji huo unasimama juu ya muhtasari wa mkutano: tarehe yake, mahudhurio yake, ajenda yake, azimio lake, na saini za Mwenyekiti na Mtendaji. Muhtasari ukipotea, mgawiwa anabaki na maneno ya midomoni mwa watu. Na hati ya hakimiliki ya kimila inapotolewa, nakala huenda kwa mwenye ardhi, kwenye masjala ya ardhi ya kijiji na kwenye masjala ya ardhi ya wilaya, ili nakala moja ikiharibika au ikichezewa, nyingine ziseme ukweli. Pale ambapo nakala ya kijiji imelala kwenye mfuko wa sandarusi, mmoja wa mashahidi hao hayupo tena.

Liko na suala la zamani zaidi. Sheria hiyohiyo inathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya tarehe 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, hata pale ambapo ugawaji wenyewe haukufuata taratibu za wakati ule. Ni kinga kubwa kwa familia zilizohamishwa na kupewa mashamba mapya. Lakini lazima mtu aonyeshe kwamba aligawiwa, na vijiji vilivyobaki na maandishi ya miaka hiyo ni vichache mno. Ushahidi umebaki kwa wazee walioshuhudia kamba ikivutwa, nao wanapungua kila mwaka. Kijiji chenye mzee hata mmoja anayekumbuka nani aligawiwa wapi kinapaswa kumwandika sasa, mbele ya halmashauri ya kijiji, akasaini au akaweka dole gumba, na maandishi hayo yakapewa folio, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada, katika jalada lenye namba. Kazi hiyo haiwezi kusubiri bajeti.

Anayetaka kuona gharama ya kukosa masjala aende akaketi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya siku ya shauri la mpaka. Katika kijiji kimoja nilichokifahamu vizuri, mjane alidaiwa shamba na shemeji zake miaka mingi baada ya marehemu mumewe kulinunua kwa jirani. Mauziano yalifanyika ofisini, watu walisaini, mhuri uligongwa, na nakala ya mnunuzi iliungua pamoja na nyumba. Ilipaswa kuwapo nakala ya kijiji. Mtendaji aliyeshuhudia alikwisha kuhamishwa mara mbili; aliyempokea alisema alikuta meza na mhuri tu; aliyefuata alisema hajui hata kama kuliwahi kuwa na daftari. Mashahidi wawili walikuwa wamefariki. Mama yule hakushindwa kwa kukosa haki. Alishindwa kwa sababu ofisi ya umma iliyoshuhudia haki yake haikuwa na mahali pa kuiweka. Sheria ya Ukomo wa Muda inampa anayedai ardhi miaka 12 ya kufungua shauri, kwa hiyo karatasi ya mauziano inayotupwa au kupotea baada ya miaka mitatu au minne hupotea wakati bado inahitajika sana. Kumbukumbu za ardhi za kijiji, kwa maoni yangu, hazina umri wa kutupwa.

Sasa niseme masjala ninayoiomba inafananaje, kwa sababu nimeona mara nyingi agizo la kuboresha utunzaji wa kumbukumbu likishuka kutoka juu bila kueleza mtu afanye nini Jumatatu asubuhi.

Jambo la kwanza ni mpango mmoja wa majalada kwa vijiji vyote vya wilaya. Mkimwachia kila Mtendaji ajipangie, mtapata mipango mingi kama vijiji vilivyo, na Mtendaji akihamia kijiji cha pili atakuta asichokielewa. Mtunza kumbukumbu wa halmashauri akae na Watendaji wachache wazoefu, waandike vichwa vikuu visivyozidi kumi kwa kufuata kazi za kijiji: utawala, mikutano, fedha, ardhi, elimu, afya na ustawi wa jamii, kilimo na mifugo, ulinzi na usalama, miradi, malalamiko na maridhiano. Kila kichwa kipewe herufi, na chini ya kila herufi matawi machache yapewe tarakimu. Ikiwa D ni ardhi, basi D.1 iwe ugawaji, D.2 mauziano, D.3 hakimiliki za kimila, D.4 mipaka na migogoro, D.5 matumizi bora ya ardhi. Ikitanguliwa na herufi za kijiji, namba kama MK/D.2/14 itamwambia mtu yeyote wa wilaya hiyo kwamba hili ni jalada la kumi na nne la mauziano ya ardhi katika kijiji fulani, na namba hiyohiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye barua penye Kumb. Na., ili jibu likirudi lijue kwao.

Ninasisitiza kupanga kwa kazi kwa sababu ofisi nyingi za vijiji, zikipata kabati, hupanga kwa mwaka au kwa jina la aliyeleta barua. Kupanga kwa mwaka huonekana rahisi mpaka siku utakapoulizwa kuhusu shamba ambalo mambo yake yalianza mwaka mmoja yakaendelea kwa miaka sita. Utafungua mafaili sita na kupitia kila karatasi. Kupanga kwa jina la ofisi iliyoandika ni vibaya zaidi, maana barua ya Mkurugenzi inaweza kuhusu zahanati, choo cha shule, au mnada wa ng'ombe, na zote zikirundikwa pamoja hakuna atakayepata kitu.

Jalada lenyewe liwe la karatasi ngumu, lenye jina kamili juu yake, namba yake, na tarehe lilipofunguliwa. Jina liseme jambo. “Mambo mengine” si jina la jalada. Ni shimo la kuficha uvivu, na kila masjala niliyoikagua ilikuwa nalo. Karatasi zitobolewe kwa panchi pembe ya juu kushoto na kufungwa kwa tagi, zisishikizwe kwa pini wala stepla, kwa kuwa pini hushika kutu, hasa katika vijiji vya Pwani, Lindi, Mtwara na Tanga ambako hewa ina chumvi na unyevu, na kutu hula karatasi. Kila karatasi inayoingia ipewe namba ya folio kwa wino mwekundu, pembe ya juu kulia, kwa kufuata siku iliyoingia. Huu ndio ulinzi rahisi kuliko wote. Jalada lenye folio 1 hadi 38 likikutwa halina folio 22, kila mtu anajua kuna karatasi iliyotolewa, na anajua ilikuwa kati ya barua ipi na ipi. Jalada lisilo na folio likinyofolewa karatasi kumi, hakuna atakayethubutu kusema lolote. Jalada likifika karibu folio 100 lifungwe na juzuu la pili lifunguliwe, na juu ya kila juzuu iandikwe lilikoanzia na lilikoishia.

Rejesta nne zinatosha kwa kijiji. Ya barua zinazoingia, yenye tarehe ya kupokelewa, tarehe ya barua, aliyeandika, inahusu nini, na jalada ilikowekwa. Ya barua zinazotoka, ambayo ikitunzwa vizuri itafanya kazi ya dispachi pia. Ya majalada yote yaliyofunguliwa, kwa mfuatano wa namba. Na ya mwendo wa majalada, inayoonyesha nani amelichukua jalada, lini, na amelirudisha lini. Pamoja nayo kiwekwe kipande cha manila ndani ya kabati mahali jalada lilipotolewa, kikitaja jina la aliyelichukua. Kaunta buku nne zenye jalada gumu zinaweza kutumika miaka kadhaa. Kurasa zake zipewe namba zote kabla neno la kwanza halijaandikwa, ili ukurasa uliochanwa ujulikane.

Mihtasari inahitaji uangalifu wa pekee. Leo huandikwa kwenye madaftari ya shule, na madaftari hayo hunyofoka katikati. Kila muhtasari uwe na orodha ya mahudhurio iliyosainiwa, usomwe na kuthibitishwa katika kikao kinachofuata, usainiwe na Mwenyekiti na Mtendaji katika kila ukurasa, nakala iende kwa Mtendaji wa Kata, na asili yake iwekwe kwenye jalada la mikutano. Maazimio ya ardhi yaliyomo ndani yake yanakiliwe pia kwenye jalada la ugawaji linalohusika, kwa kutaja tarehe ya mkutano na namba ya folio ya asili. Bila unakili huo, mtu atakayetafuta uhalali wa shamba fulani itambidi asome mihtasari ya miaka yote, wakati sheria inautaka mkutano mkuu ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu.

Kwa rejesta ya ardhi, ninaomba faharisi, yaani orodha ya kutafutia, ya aina mbili: moja kwa jina la mwenye ardhi, nyingine kwa kitongoji na namba ya kipande. Majina ya watu wetu yana njia nyingi za kuandikwa. Mwanamke mmoja anaweza kuwa Mwajuma Ally kwenye hati ya mauziano, Mwajuma Ali kwenye daftari la wakazi, na Mama Hamisi kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo, na baada ya miaka 20 wajukuu wake watabishana na mtu atakayedai kwamba hao walikuwa wanawake watatu. Majina matatu yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, namba ya kitambulisho iwekwe pale ilipo, kitongoji kitajwe, na ardhi ya mke na mume iliyo ya pamoja iandikwe kwa majina yote mawili katika faharisi, kila jina kwenye mstari wake. Wanawake wengi wamepoteza ardhi kwa sababu hawakuwa wamiliki wanaoonekana katika kitabu chochote, ingawa kijiji kizima kilijua walivyoitafuta pamoja na waume zao.

Kuhusu mahali, chumba cha pekee ni kizuri, na kuna vijiji vilivyojengewa masjala za ardhi kwa msaada wa MKURABITA (mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge) na mipango mingine. Vijiji visivyo na chumba vianze na kabati la chuma lenye droo nne, lililoinuliwa kutoka sakafuni, lililowekwa mbali na ukuta unaovuja na dirisha linaloingiza mvua. Kabati la mbao ni chakula cha mchwa. Funguo ziwe mbili, moja kwa Mtendaji na nyingine ndani ya bahasha iliyofungwa kwa Mtendaji wa Kata, ili ugonjwa au msiba wa mtu mmoja usifunge kumbukumbu za kijiji kizima.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya kuzikusanya karatasi zilizotawanyika, na hapo ninatoa tahadhari. Mtu akiambiwa apange ofisi, kitu cha kwanza anachokifikiria ni kuchoma alichokiona kuwa takataka. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya mwaka 2002, hairuhusu kumbukumbu za umma kuteketezwa bila idhini inayotolewa kwa mujibu wake, na karatasi za kijiji ni kumbukumbu za umma. Zikusanywe zote, zifutwe vumbi, zianikwe kivulini zile zenye unyevu, zigawanywe kwa kufuata vichwa vikuu, na zile zisizojulikana zitengwe mpaka mtunza kumbukumbu wa halmashauri azione. Wenyeviti wa zamani na Watendaji waliohamishwa waandikiwe barua za heshima kuomba warudishe walichobaki nacho, bila vitisho, maana wengi walizichukua karatasi hizo nyumbani ili kuziokoa na paa linalovuja.

Zipo pia karatasi zisizofaa kuonwa na kila anayeingia ofisini: taarifa za ukatili wa kijinsia, za afya za watu, za watoto walio katika mazingira magumu, na hata orodha za kaya maskini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inatubana katika hilo, na droo moja yenye kufuli yake itengwe kwa ajili yake. Kwa upande wa pili, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, inaitaka ofisi imjibu mwombaji wa taarifa ndani ya siku 30. Ofisi isiyojua ilichonacho haiwezi kutii sheria hata moja kati ya hizo mbili: itaanika ya siri na kunyima ya wazi.

Najua baadhi yenu mtaniuliza kwa nini nizungumzie karatasi wakati serikali inahamia kwenye mifumo ya kielektroniki. Ninaiunga mkono mifumo hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo hati ya mauziano iliyosainiwa kwa dole gumba, iliyogongwa mhuri, iko kwenye karatasi, na itabaki kuwa ndiyo asili inayotakiwa na baraza. Vijiji vingi havina umeme wa uhakika ofisini, na vyenye umeme havina kompyuta. Zaidi ya hayo, karatasi zisizopangwa zikipigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, huwa picha zisizopangwa. Kijiji kilichokwisha kuwa na namba za majalada, folio na faharisi kitahamia kwenye mfumo wowote mtakaouleta kwa wiki chache. Kisicho navyo kitahamisha vurugu yake.

Wala hatuna haja ya kutoka nje ya nchi kutafuta ushahidi kwamba karatasi iliyopangwa hudumu. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa huko Dar es Salaam inatunza majalada ya utawala wa Wajerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Yamevuka miaka 100, vita na tawala tatu, na bado mtafiti akitoa namba ya jalada, jalada huletwa mezani. Waliotutawala waliandika ardhi yetu kwa manufaa yao, na maandishi yao yapo. Inaniuma kwamba sisi, tunaoandika kwa manufaa ya watu wetu wenyewe, hatuna muhtasari wa mkutano wa kijiji wa miaka mitano iliyopita.

Nimeyaacha makabidhiano mwishoni kwa sababu ndiyo ninayoyaona kuwa mazito kuliko mengine yote. Masjala nzuri inaweza kuvunjika siku moja, siku Mtendaji anapopata barua ya uhamisho na kuondoka na daftari lake. Kumbukumbu ni za ofisi, wala si za aliyeziandika. Ninapendekeza kwamba barua yoyote ya uhamisho, likizo ndefu, kustaafu au kusimamishwa kwa Mtendaji wa Kijiji iwe na sharti moja lililoandikwa ndani yake: asiripoti kituo kipya, wala asilipwe stahiki zake za uhamisho, kabla ya kuwasilisha hati ya makabidhiano. Hati hiyo iorodheshe kila jalada kwa namba na idadi ya folio, kila rejesta kwa ukurasa wa mwisho uliojazwa, kila kitabu cha stakabadhi kwa namba ya kwanza na ya mwisho, mihuri na funguo. Isainiwe na anayeondoka, anayeingia, na Mwenyekiti wa Kijiji akiwa shahidi. Nakala moja ibaki kijijini, moja iende Kata, moja iingie kwenye jalada binafsi la mtumishi huko halmashauri. Pale ambapo anayeingia hajafika, Mtendaji wa Kata apokee kwa niaba yake. Sharti hili halihitaji fedha yoyote. Linahitaji saini yako, Ndugu Mkurugenzi, juu ya waraka wa ukurasa mmoja.

Fedha zitahitajika kwa makabati na majalada, na kwa kuwa bajeti ina mengi ya kubeba, hakuna ulazima wa kuvifikia vijiji vyote kwa mpigo. Anzeni na vile vyenye migogoro mingi ya ardhi na vile vinavyoandaliwa kupimwa mashamba, kisha muongeze kila mwaka. Mtunza kumbukumbu wa halmashauri apewe usafiri na posho ya kukaa siku mbili au tatu katika kila kijiji kinachoanza, akifungua majalada ya kwanza pamoja na Mtendaji kwa mikono yao wenyewe; semina ya siku moja katika ukumbi wa wilaya, pamoja na karatasi zake za kugawiwa, haimfundishi mtu kupiga folio. Arudi baada ya mwaka kukagua: achague barua chache kutoka kwenye rejesta na kuomba aonyeshwe ziliko. Taarifa ya ukaguzi huo iwekwe mbele ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, kama zinavyowekwa taarifa za makusanyo.

Mimi na wenzangu wastaafu wa masjala tuko tayari kuandaa rasimu ya mpango wa majalada ya kijiji na mfano wa hati ya makabidhiano, bila malipo, kwa halmashauri itakayotuita. Waraka wa makabidhiano unaweza kutoka wiki hii, kabla hata kabati moja halijanunuliwa, na ningeomba utangulie.

Wenu katika utumishi wa umma,

Mtunza kumbukumbu mstaafu, Morogoro

Nakala: Makatibu Tawala wa Mikoa, Watendaji wa Kata, Wenyeviti wa Halmashauri za Vijiji